Ukame ukaisha mafuriko yakaja, mzee aanze upya na ng'ombe ama?

MwanaTana
Habari zenu wadau. Kwetu ni Tana River upande wa Garsen ila kazi nafanya Mombasa. Mzee wangu alikuwa na ng'ombe kama 40. 2020 nzige na korona vikaja pamoja, nzige wakamaliza malisho, minada ikafungwa, akitaka kuuza hakuna pa kuuza, halafu mvua ikagoma misimu mitano mfululizo toka vuli ya 2020 hadi mwisho wa 2022, wengine wakafa wengine akawauza bei ya kutupa akabaki na sita na mbuzi kidogo. Tukasema mvua ikija tutapumua. Novemba 2023 ikaja ile ya El Niño, mto ukafurika, mahindi na migomba ikaenda, mbuzi bado wamekonda wakafa na baridi usiku mmoja, na Aprili 2024 maji yakarudi tena. Tangu hapo natuma ya unga tu kila mwezi. Nimeweka kama elfu 80, mzee anataka ng'ombe, mimi roho inakataa. Mngefanya nini?

MchuuziWaMnadani
Pole sana ndugu yangu. Mimi nauza mifugo Garissa na hilo la bei ya kutupa nimeliona kwa macho. Ukame ukikaza kila mtu analeta mnyama siku moja, wamekonda, bei inaanguka, na wakati huohuo unga unapanda kwa sababu mahindi pia hayakutoka, 2022 ikaongezeka na vita vya Ukraine, ngano mafuta ya kupikia mbolea vyote juu. Mtu anauza mbuzi watatu kupata chakula alichokuwa akipata kwa mmoja. Halafu mvua ikinyesha wote wanataka kununua, mnyama anakuwa ghali. Yaani unauza chini unanunua juu, kila janga linakupunguzia. Na mafuriko ya 2023 barabara ya Garissa-Madogo ilikatika, malori hayapiti, chakula hakiingii mifugo haitoki. Usinunue saa hii wakati kila mtu ananunua.

AfisaMifugoMstaafu
Kijana piga hesabu ya mimba kwanza. Mbuzi anabeba miezi mitano, ng'ombe tisa, na mtamba mpaka azae mara ya kwanza ni miaka mitatu au minne. Sasa kutoka mvua ya Machi 2023 mpaka mafuriko ya Novemba ni miezi minane tu, hapo ng'ombe hajamaliza hata mimba moja! Ndiyo maana watu hawainuki, si uvivu kama wanavyosemwa. Nunua mbuzi jike sita saba, hela ingine weka ya dawa na chanjo. Baada ya mafuriko mbu wanakuwa wengi, homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo na watu unaoenezwa na mbu, ilitupiga 1997-98 na 2006-07, ilianza na mifugo kutupa mimba. Mkiona hivyo msichinje, msishike kwa mikono mitupu, mwiteni daktari wa mifugo. Na ile bima ya mifugo inayoangalia majani kwa setilaiti ni ya ukame, mafuriko haikulipi, muulize kabla ya kutoa pesa.

DadaWaHola
Mimi naongezea la shamba. Maji yakishuka yanaacha tope zuri sana kando ya mto, usiliache likauke, panda pojo na kunde, miezi miwili mitatu unavuna, mahindi yasubiri. Mbegu ndiyo shida, wengi tuliila ile ya akiba wakati wa ukame, mimi mwenyewe niliila watoto wakiwa wanalia na sijutii. Kwa hiyo hapo kwenye elfu 80 mama apewe ya mbegu mkononi mwake. Na kaka, ongea na mzee taratibu, mzee aliyekuwa na ng'ombe 40 ukimwambia ng'ombe basi umemwambia si mtu tena. Mwachie wale sita kama bado wapo.

MwanaTana
Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Dada wale sita wamebaki wanne, na mmoja ana mimba, hata sikuwaza kuwahesabu. Nitampigia mzee jioni tuongee mbuzi, mama nimtumie ya pojo leo. Afisa, chanjo ya homa hiyo huyu mwenye mimba anaweza kupigwa au tusubiri azae?

AfisaMifugoMstaafu
Subiri. Iko chanjo inayoweza kumtoa mimba. Mwambie mzee amuulize daktari wa mifugo wa huko ni ipi waliyo nayo kabla hajamgusa, na usiku amlaze mbali na maji yaliyotuama.