Mmisionari wa kwanza wa Marekani ni Judson au George Liele?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Jumapili tulifundishwa kanisani kwamba Wamarekani walianza kupeleka Injili ng'ambo mwaka 1812, kupitia Adoniram Judson. Nilinyoosha mkono, muda ukawa umekwisha. Nauleta mjadala hapa kwa sababu jambo hili limenikaa moyoni.

Simulizi tuliyoizoea inaanzia kwenye rundo la nyasi kavu. Agosti 1806 wanafunzi watano wa chuo cha Williams, Massachusetts, walikuwa wakiomba shambani. Mvua ya radi ikawakuta, wakajibanza hapo, na Samuel Mills akawasihi wenzake Injili ipelekwe Asia. Mwaka 1810 ikaundwa bodi ya kutuma wamisionari. Februari 1812 vijana watano wakawekewa mikono mjini Salem (bandari ileile ambayo miaka ya baadaye meli zake zilituletea kitambaa cha merikani Unguja), na Judson na mkewe Ann wakapanda meli kwenda Calcutta, India. Gharama waliilipa kweli. Harriet Newell, aliyesafiri nao, alifia Mauritius mwaka huohuo akiwa na miaka 19.

Ila mwaka 1783, miaka 29 kabla yao, George Liele alikuwa tayari Kingston, Jamaika. Alizaliwa mtumwa Virginia, akaachwa huru, akahubiri Georgia, kisha akavuka bahari. Kule Jamaika alibatiza mamia ya watumwa na kujenga kanisa. Hata mmisionari William Carey wa Uingereza alikuwa hajaenda India. Kwa nini hesabu ianzie Salem? Naomba hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, unachanganya mambo mawili. Mmisionari ni mtu aliyetumwa. Liele alikimbia. Henry Sharp aliyemwacha huru alifia katika vita vya uhuru wa Marekani, watu wa familia yake wakataka kumrudisha utumwani, akatiwa jela. Waingereza walipohama Savannah, Georgia, mwaka 1782 aliondoka nao, akiwa na deni alilolilipa kwa kutumika kwa mkataba. Mtu huyo aliokoa roho yake, na kwa kuwa alikuwa mhubiri, akahubiri alikofika. Judson aliichagua Asia na kulikuwa na watu waliochanga fedha ili aende. Tukimwita kila mkimbizi mwenye Biblia mmisionari, neno lenyewe halitabaki na maana.

Mchangiaji wa pili

Mbona wote mnaruka jambo kubwa zaidi? Muhuri wa koloni la Massachusetts wa mwaka 1629 ulichorwa mwenyeji wa asili wa Amerika akisema "Vuka, uje utusaidie", maneno ya yule Mmakedonia wa Matendo 16. Wenyeji wenyewe hawakumwita mtu. Mhubiri John Eliot akajifunza lugha yao, akatafsiri Biblia nzima, ikachapwa mwaka 1663, Biblia kamili ya kwanza kuchapwa Amerika. Kwa wenyeji wale, Eliot ndiye aliyetoka ng'ambo. Ukisema umisionari wa nje ulianza 1812 au 1783, umeshakubali kwamba ardhi ile ilikuwa ya walowezi tangu mwanzo.

Mleta mada

Mkuu wa pili, hoja ya ardhi naipokea yote. Lakini Eliot alizaliwa Uingereza. Mimi nauliza juu ya mtu aliyezaliwa Amerika.

Mkuu wa kwanza, fungua Matendo 8. Stefano alipouawa kanisa la Yerusalemu lilitawanyika, na waliokimbia ndio waliohubiri njiani. Sura ya 11 inasema baadhi yao walifika Antiokia. Kanisa la Antiokia, lililokuja kumtuma Paulo, lilianzishwa na wakimbizi. Na Liele hakuhubiri kwa kupita njia tu: alifungwa jela kwa kushtakiwa uchochezi, akatoka, akaendelea. Wabaptisti wa Uingereza walipomtuma mtu wao wa kwanza Jamaika mwaka 1814, walikuta kazi ambayo Liele na wenzake walikuwa wameifanya kwa miaka 30.

Halafu kipimo chako cha kutumwa kitazame kwa Judson mwenyewe. Bodi iliyomtuma ilikuwa ya kanisa linalobatiza watoto wachanga. Alipofika Calcutta akabatizwa upya, akawa Mbaptisti, akajitoa kwenye bodi hiyo. Wabaptisti wa Marekani walikuja kuunda chombo cha kumsaidia Mei 1814, baada ya mwenzake Luther Rice kurudi nyumbani kuwahamasisha. Sasa niambie, Julai 1813 Judson alipoteremka Rangoon, Burma, alikuwa ametumwa na nani?