Nimepima sembe na dona, namba zinakaribia kulingana. Mashine yangu ni mbovu?

Mwl_Manyoni

Habari za jioni wote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri umevuka hamsini, nina kisukari aina ya pili na natumia metfomini asubuhi na jioni. Kliniki waliniambia niache sembe nile dona, nikatii. Mke wangu akawa anapeleka mahindi mashineni bila kukobolewa, watoto wakanuna, maisha yakaendelea. Sasa nimenunua mashine ya kupimia nyumbani, nikasema ngoja niione hiyo faida ya dona kwa macho yangu.

Jumamosi mchana: ugali wa sembe na maharage. Kabla ya kula 7.1, baada ya kula 13.4. Jumapili mchana: ugali wa dona, mlenda na maziwa ya mgando. Kabla 7.4, baada 13.0. Yaani ugomvi wote ule na watoto kwa ajili ya nukta nne!

Naomba kuelimishwa. Mashine ni mbovu au dona ni hadithi tu? Na wakisema "baada ya kula" ni baada ya muda gani hasa? Stripu ni ghali, sitaki kuzimaliza kwa kubahatisha.

Kijana_wa_Mlonge

Mwalimu achana na mashine, utatoboa vidole bure. Majani ya mlonge yaliyokaushwa, kijiko kimoja kwenye maji ya moto kila asubuhi. Utakuja kunishukuru.

MamaLishe_Msamvu

Mwalimu, shikamoo. Mimi napika na kuuza chakula karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, na sukari ninayo mwenyewe, kwa hiyo ugali naujua pande zote mbili: unaoniingizia hela na unaonipandisha. Kijana wa mlonge nitamrudia.

Tuanze na saa. Unahesabu tangu tonge la kwanza linapoingia mdomoni. Si ukishamaliza, si ukishanawa. Ninyi walimu mnakula huku mnasimulia, sahani moja inaweza kuchukua dakika arobaini. Leo ukihesabu tangu mwanzo wa mlo na kesho tangu mwisho, hizo namba mbili hazilinganishiki tena. Mimi napima tone moja kabla ya kula, la pili saa mbili kamili baada ya tonge la kwanza, na zote mbili naziandika nyuma ya daftari la madeni. Ile ya pili ikiwa peke yake haisemi kitu. Ukianza na 11 ukaishia 13, chakula hakina kosa kubwa; ulizia hiyo 11 ilitoka wapi.

Halafu 13.4 na 13.0 kwa mashine hizi ni namba moja, mwalimu. Kiwango cha kimataifa, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinaziruhusu zipishane na maabara hadi asilimia 15, juu au chini, sukari ikiwa huko juu. Soma ile karatasi ya ndani ya boksi ambayo wote tunaitupa. Kwenye 13, hiyo ni karibu 2 nzima. Kwa hiyo mashine yako huenda ni nzima kabisa, na dona bado hujaipima.

Hujaipima kwa sababu umebadilisha vitu vingi kwa mpigo mmoja. Huku maharage, kule mlenda na mgando. Maharage yana wanga wake ila unapanda taratibu, mgando una sukari ya maziwa. Utajuaje nani kafanya nini? Na ugali wenyewe ulikuwa kiasi gani? Hujataja, na mimi nadhani jibu lako lote limejificha hapo. Siku moja sahani ya mteja wangu mbeba mizigo niliipeleka kwa muuza nyama jirani tukaiweka kwenye mizani, ugali mtupu bila mboga: robo tatu kilo na kidogo. Hapo hakuna unga utakaokuokoa, uwe wa dona, wa mtama au wa ulezi. Dona ina makapi na kiini, lishe yake naipenda kuliko sembe na hata pale kwangu naiuza, lakini wanga ni wa mahindi yaleyale, tena umesagwa laini. Dona ya ngumi moja inanipandisha 2 na kidogo. Ya ngumi tatu inanifikisha 14 hata niiombee dua.

Fanya hivi. Chukua mlo mmoja tu unaokusumbua, huo wa mchana wa nyumbani. Mboga isibadilike, saa isibadilike, na ugali upime kwa bakuli moja hilohilo: ujaze, ufunike juu ya sahani. Badilisha unga tu, na kila unga urudie siku nyingine, maana siku moja inadanganya. Ukiwa na mafua au hukulala vizuri, sukari inapanda bila kula chochote. Ukishaona tofauti ya unga, rudi kwenye unga mmoja ubadilishe kiasi. Baadaye jaribu kula mboga na maharage kwanza, ugali mwishoni. Wengi hilo linawashusha, na halina gharama. Kwa namna hii stripu zinajibu swali. Ukipima ovyo ovyo kila unapoogopa, kichupa kinakwisha na hujui kitu.

Na mikono, jamani! Dada yangu alikata papai, akajifuta kwa kanga, akajitoboa: 17.2. Akaanza kulia. Nikamwambia nenda kanawe kwa sabuni, kausha vizuri, rudia kidole kingine: 8.3. Ile 17 ilikuwa sukari ya papai iliyobaki kidoleni. Kujipangusa kwa spiriti peke yake hakutoshi kuitoa, ni maji na sabuni. Toboa pembeni mwa kidole, katikati ndiko kunakouma na ndiko tunakoshikia mwiko. Stripu zikae kwenye kichupa chake, kifuniko kimebana, mbali na jiko, wala usizitie kwenye friji.

Kijana wa mlonge: mashine ipo. Mlete mtu anayetumia, dawa zake za hospitali ziendelee vilevile, mlo uleule, apime siku za mlonge na siku zisizo na mlonge, kabla na saa mbili baada. Utuwekee namba hapa tuzione.

Dada_Columbus

Naongezea jambo lililotusumbua sisi. Niko Ohio, Marekani, nilimtumia mama mashine kule Tanga. Siku ya kwanza ikaonyesha 164 na nyumba nzima ikalia. Mashine za huku zinasoma kwa miligramu kwa desilita, za nyumbani kwa milimoli kwa lita. Gawanya kwa 18: 164 ni 9.1. Kwa hiyo 180 ya huku ndiyo 10 ya huko, na 70 ya huku ni 3.9. Halafu, kila mashine inakubali stripu zake tu. Za ile niliyomtumia hazikupatikana dukani Tanga, ikawa pambo la kabati. Nunueni mashine ambayo stripu zake mmeziona kwa macho duka la dawa la karibu, hata kama mashine ya ndugu ni ya bure.

Muuguzi_wa_Zamu

Mama lishe kaeleza vizuri kuliko vipeperushi vyetu. Mimi nina machache.

Mwalimu, walio wengi tunawalenga kuwa kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa moja hadi mbili baada ya kuanza kula. Lakini mzee sana, mjamzito, au mwenye figo au moyo unaosumbua, lengo lake linaweza kuwa jingine, kwa hiyo waulize kliniki lako ni lipi.

Wewe uko kwenye metfomini pekee, na hiyo kwa kawaida haiangushi sukari kwa ghafla. Nalisema hili kwa wengine wanaosoma: mnaotumia glibenklamidi, glikilazidi au insulini, msipunguze ugali nusu kwa siku moja huku dozi ikibaki ileile. Chakula kikishuka na dawa ibaki, sukari inaweza kwenda chini ya 4: jasho, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa. Ikitokea, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika kumi na tano. Kama mtu hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali. Mkitaka kubadilisha mlo, semeni kwanza kliniki, dozi iangaliwe.

Kujua kama mashine ni nzima: siku ya kutolewa damu maabara, nenda nayo, jipime papo hapo, linganisha. Mwenye upungufu wa damu ajue kwamba mashine nyingi humwonyesha juu kuliko hali halisi. Na kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, ambapo asilimia 7 ni wastani wa kama 8.6 kwenye mashine, kinaweza kupotosha kwa mwenye selimundu, wakati mwingine hata aliyebeba vinasaba vyake tu. Huku kwetu hao si wachache. Kwao daftari la nyumbani lina uzito wa pekee.

Na msiibiane majibu. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliwafuatilia watu 800 wasio na kisukari kwa wiki moja, na chakula kilekile kikampandisha mmoja sana na mwingine kidogo. Ngumi moja ya mama lishe huenda isiwe sawa na ngumi yako.

Bi_Likoni

Asalaam aleikum. Kwetu Mombasa asubuhi ni mahamri kwa mbaazi za nazi, na hapo saa mbili hazinitoshi. Mafuta na tui vinachelewesha. Saa mbili naona 8.9, nafurahi, saa tatu na nusu nipo 12. Pilau vivyo hivyo. Mwalimu, mlo wako ukiwa na nazi au vya kukaanga, siku mojamoja ongeza tone la tatu.

Na kwa wanaofunga: kujipima hakufunguzi saumu, maulamaa wengi wamelisema hilo na madaktari wanalisisitiza. Mume wangu alikuwa akikataa kidole kuguswa mpaka magharibi, nami ndiyo saa namwona anababaika. Mwongozo tuliopewa ni kuwa ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.7, unafungua hapo hapo, wala hungoji adhana. Siku utailipa.

Mwl_Manyoni

Nawashukuru, hasa mama wa Msamvu. Marahaba, ingawa huenda mimi ndiye mdogo.

Nimefuata maelekezo. Mboga moja, maharage na mlenda, bakuli moja, saa saba kamili mchana, saa inaanza kwenye tonge la kwanza (mke wangu ndiye mtunza saa, ana raha zake). Kwa kiasi changu cha zamani, ambacho kumbe ni mabakuli matatu, unga wowote ulinivusha 13. Nikashuka hadi bakuli moja na nusu. Sembe: 7.0 kwenda 10.3, na siku ya kurudia 6.8 kwenda 10.1. Dona: 6.9 kwenda 9.6, na siku ya kurudia 7.1 kwenda 9.9. Tofauti ya unga ni ndogo, na kwa asilimia 15 za mama siwezi hata kuapa kwamba ipo. Tofauti ya bakuli inaonekana bila miwani.

Nilijaribu pia kula maharage na mlenda kwanza, halafu nikatembea hadi relini na kurudi, mwendo wa kawaida tu. Dona bakuli moja na nusu, 7.0 kwenda 8.2. Nikarudia nikidhani stripu imeharibika: 8.4.

Njaa ninayo, sitadanganya. Ikifika saa kumi nadai chakula kama mtoto. Na nyumbani wanauliza: kwa kuwa kesi ya dona imefutwa, je, warudi kwenye sembe?

MamaLishe_Msamvu

Hongera mwalimu. Watoto waendelee na dona, hiyo si kwa ajili ya sukari yako, ni kwa ajili ya miili yao. Kiini cha mahindi kisitupwe kwa sababu baba kapata jibu lake. Wakinuna sana changanya nusu kwa nusu.

Njaa ya saa kumi inatoka kwenye sahani ya mchana. Umetoa ugali ukaacha nafasi wazi. Ijaze: maharage ongeza upawa mmoja, dagaa au yai la kuchemsha, mlenda usiuhesabu, kula utakavyo. Kisha pima mlo huo mpya, maana maharage yakizidi nayo yana namba yake. Ikibaki chini ya 10, umeshapata mchana wako, stripu uzihamishie kwingine.

Na kwingine ninakujua. Chai ya saa nne pale shuleni, ya maziwa, na maandazi mawili. Hiyo umeitaja wapi?

Mwl_Manyoni

Matatu. Jumatatu nakwenda na mashine shuleni.