Bima ya nyumba imekubali mlango, imekataa kusafisha damu ya mpangaji wangu. Nifanyeje?

MwalimuKasulu

Habari zenu wadau. Naomba ushauri, na naomba mnisome mpaka mwisho maana jambo lenyewe ni zito.

Nina nyumba Gungu, Kigoma mjini. Niliijenga kwa mkopo, na benki ndiyo iliyonitaka nikate bima: moto, pamoja na nyongeza ya wizi wa kuvunja. Mimi nafundisha Kasulu, kwa hiyo nyumba nimempangisha mzee mmoja mstaafu na mkewe. Wiki tatu zilizopita wezi walikata grili ya mlango wa nyuma usiku. Mzee akaamka, akawakuta sebuleni, wakamkata mapanga. Alifia njiani akipelekwa hospitali. Mama alinusurika kwa sababu alikuwa amelala Ujiji kwa binti yao.

Polisi waliifunga nyumba siku sita. Waliponikabidhi funguo niliingia na mdogo wangu. Damu ilikuwa imeingia kwenye viungo vya marumaru, imepita chini ya mlango wa chumbani, imenywewa na kochi na godoro ambalo majirani walimlazia. Ukutani imefika usawa wa swichi ya taa. Juu ya stuli palikuwa na miwani yake, imekunjwa vizuri.

Fundi rangi alifika mlangoni akageuza. Vijana wawili wa usafi wamekataa, wa tatu ametaja laki nne na nusu. Nikapeleka madai bima. Mkadiriaji alikuja akasema grili, kitasa na mlango watalipa, ila usafi ni matunzo ya nyumba, si hasara, na neno hilo kwenye mkataba halimo.

Je, ni haki? Na nitaisafishaje bila kumtia mtu ugonjwa? Mpaka leo nimefungua madirisha tu.

Mwanakibirizi

Pole sana mwalimu. Mimi ningeuza tu, hiyo nyumba Gungu nzima wanaijua sasa.

MezaYaMadai

Pole dada yangu. Kuuza iache kwanza, mkopo wa benki uko palepale.

Nimekaa meza ya madai miaka tisa. Bima nyingi za nyumba huku kwetu huorodhesha majanga: moto, radi, mafuriko, wizi wa kuvunja na kadhalika. Kilichotajwa kinalipwa, kisichotajwa hakilipwi. Ukipeleka dai lililoandikwa "usafi", umewapa njia rahisi ya kukataa. Fungua kifungu cha wizi, utafute maneno yanayohusu uharibifu wa jengo uliosababishwa na wezi. Kama yapo, basi marumaru na plasta iliyonyonya damu ni uharibifu waliofanya wezi, sawasawa na ile grili waliyoikata. Kung'oa marumaru, kugonga plasta na kupiga upya, kubadilisha mlango wa chumbani, yote hayo ni matengenezo ya jengo. Mwite fundi akuandikie makadirio, kila kazi na vipimo vyake na bei yake, na kusafisha kuwe hatua ya kwanza ya matengenezo hayohayo. Hapo mkadiriaji analazimika kujibu hoja nyingine kabisa. Tazama pia kama kuna kifungu cha kuondoa kifusi, na kiasi cha hasara unachotakiwa kubeba mwenyewe.

Usitupe kitu kabla ya picha. Chukua namba ya RB na taarifa ya polisi. Kukataa kwao wakuandikie barua inayotaja kifungu, maneno ya mdomo usiyapokee. Nenda na benki kwa sababu nyumba ni dhamana yao, wana sababu ya kukusemea. Bima wakigoma, kuna ofisi za kanda za TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Ila nina swali linalonitia wasiwasi kuliko yote: ulipokata bima uliandika unaishi mwenyewe au umepangisha?

NesiWaZamu

Dada, huyo kijana wa laki nne na nusu usimruhusu aingie na ndala.

Virusi vya homa ya ini B hukaa hai kwenye damu iliyokauka siku saba au zaidi. Siku zimepita, lakini damu yoyote ichukulieni kuwa ina maambukizi. Vaeni glavu nzito za mpira, buti, barakoa, kitu cha kukinga macho na aproni ya plastiki. Msifagie wala kukwangua damu ikiwa kavu, vumbi lake mtalivuta. Iloweshe kwanza. Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5 changanya sehemu moja na sita za maji, unapata asilimia 0.5. Mwagia taratibu, iache dakika kumi, futa kwa matambara ya kutupa. Osha kwa maji ya sabuni, suuza vizuri, kisha mwagia Jik ile iliyochanganywa mara ya pili. Dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu mzito, ndiyo maana unarudia. Jik usiichanganye na dawa ya choo wala kitu chenye amonia, hewa yake inaua. Fungua madirisha yote.

Kochi la sponji na godoro havisafishiki. Ukishapiga picha, mwone afisa afya wa kata akuelekeze pa kuviteketeza. Usiviache jalalani, watoto watavichukua.

MkigomaUghaibuni

Niko Marekani. Huku bima nyingi za mwenye nyumba hulipa kusafisha baada ya uhalifu, kwa sababu upande wa jengo zimeandikwa kinyume cha zenu: kila hasara ya ghafla inalipwa isipokuwa iliyotajwa kuwa hailipwi. Mwenye nyumba anatoa kiasi chake cha kwanza, bima inamalizia. Kuna kampuni za kazi hiyo tu, na wafanyakazi wao wanalindwa na kanuni za mwaka 1991 kuhusu magonjwa ya damu. Majimbo pia yana mifuko ya fidia kwa waathirika wa uhalifu, California ilianza mwaka 1965. Hata hivyo mzee akifa kwa maradhi peke yake akakutwa baada ya siku nyingi, hata huku wanabishana. Nasema haya ili ukikata bima mpya uulize: ni ya majanga yaliyotajwa, au ya hasara zote?

BiMkubwaUjiji

Mwanangu, pole. Kwetu damu ya marehemu haimwagwi chooni. Maji ya kwanza ya kusafishia mkayamwage shimoni nyuma ya nyumba, mfukie. Na kabla fundi hajaingia, muite mjane au binti achague vitu vya baba yao. Mimi ndugu yangu alipouawa, wenye nyumba walichoma kila kitu, hata picha ya harusi. Miaka ishirini sasa, bado naitafuta.

MwalimuKasulu

Shikamoo bi mkubwa. Nimelia niliposoma.

MezaYaMadai, kaka, nimekesha na hayo makaratasi. Kifungu cha uharibifu wa jengo kipo, ukurasa wa nne, mistari miwili. Fomu niliandika naishi mwenyewe, kwa sababu wakati ule ilikuwa kweli. Nilipohamishiwa Kasulu nilimwandikia wakala WhatsApp kwamba nyumba nimepangisha, akajibu "sawa mwalimu". Ujumbe ninao.

MezaYaMadai

Usiufute. Uchapishe pamoja na tarehe yake, uuambatishe kwenye barua wewe mwenyewe kabla hawajauliza. Wanaweza kusema wakala hakuwafikishia, lakini hutaonekana umeficha. Wakikuuliza, sema kweli yote.

MwalimuKasulu

Asante kaka. Kesho napanda gari la alfajiri. Fundi wa makadirio tunaonana saa nne, nesi, vifaa nitanunua kama ulivyoandika. Binti wa marehemu nimempigia, atakuja mapema kabla ya fundi. Ameomba kitu kimoja tu, ile miwani. Nimeifunga kwenye kitambaa, iko kwenye mkoba wangu.