Wajazaji binafsi wa wiski ya Kiskoti: hilo "pipa moja" mnalotuuzia ni robo ya pipa!

Wakuu, salaam.

Nimekaa na hili wiki tatu nikitafuta namna ya kuliandika bila matusi. Kama hutumii kileo, au kwako wiski ni wiski tu, pita salama. Naandika kwa wale tunaochangishana hela kununua chupa za singo molti (wiski ya kimea cha shayiri tupu, ya kiwanda kimoja) na kuzilinganisha, hasa tulioko huku Ulaya, maana tunaliwa mchana kweupe na bado tunashukuru.

Niko Glasgow mwaka wa kumi na moja sasa. Tupo wanne, mmoja wetu shemeji yangu, na kila mwezi tunachanga tunanunua chupa mbili za wiski ya kiwanda kimoja: moja iliyotoka kiwandani kwenyewe, nyingine ya mjazaji binafsi. Kwa asiyejua, mjazaji binafsi hatengenezi hiyo wiski. Ananunua mapipa kiwandani au kwa madalali, anayalaza ghalani, siku ikifika anajaza chupa kwa jina lake na kuandika wiski ilikotengenezwa. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya Caol Ila.

Caol Ila naipenda kupita kiasi. Kiwanda kipo kisiwani Islay, jirani na Port Askaig, kinatazamana na kisiwa cha Jura ng'ambo ya mlangobahari, na kimekuwepo tangu 1846. Sehemu kubwa ya wiski yake inaingia kwenye mchanganyiko wa Johnnie Walker, kwa hiyo mwenye kiwanda haweki nyingi chupani kwa jina lake, na mapipa yake yamekuwa yakisambaa kwa wajazaji kwa miaka mingi. Ukitaka kujifunza tofauti ya chupa ya kiwanda na chupa ya mjazaji, hapo ndipo pa kuanzia.

Chupa ya kiwanda ilikuwa ile ya miaka 12, kilevi asilimia 43, tuliipata kwa pauni hamsini na kidogo. Ya mjazaji ilikuwa ya miaka 9, asilimia 57 na nukta, kwa pauni 98. Lebo nzuri, karatasi nene, tarehe ya kukenekwa, namba ya pipa, na maneno makubwa: PIPA MOJA. Chini yake, "pipa la sheri", yaani lililowahi kubeba sheri, mvinyo wa Kihispania ulioongezwa kilevi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: chupa 74.

Tulilinganisha kwa haki. Huwezi kuweka asilimia 57 kando ya 43 ukasema umepima, ile kali itashinda kwa nguvu tu. Kwa hiyo kila mtu alimimina mililita 20 za ile kali akaongeza maji mililita sita na nusu hivi, zikakaribiana, tukaziacha robo saa zitulie. Ya kiwanda ilikuwa Caol Ila ileile niijuayo: moshi uliotulia wa mboji, ile inayochomwa kukaushia kimea, ganda la limau, chumvi ya baharini, na ule utelezi ulimini kama mafuta ya samaki aliyebanikwa. Ya mjazaji ilikuwa zabibu kavu, karafuu, chokoleti, halafu ukali wa mbao kama chai iliyochemshwa mpaka ikachacha. Moshi ulikuwepo mbali, nyuma ya mlango. Shemeji alionja bila kuangalia chupa akasema haiwezi kutoka Islay, kisiwa cha wiski za moshi. Pauni 98, na kiwanda tulichokilipia hakionekani ndani ya glasi!

Usiku huo sikulala. Nilikaa na ile namba 74.

Fanyeni hesabu nami. Chupa 74 za sentilita 70 ni lita 52. Hogshedi, pipa la kawaida kabisa la kulazia wiski ya namna hii, huchukua lita 250 hivi. Ghala za Uskoti hupoteza takribani asilimia 2 kwa mwaka kwa mvuke, lile wanaloliita fungu la malaika. Ndani ya miaka 9 unabaki na lita 208, yaani chupa karibu 297. Sasa pipa moja limetoaje chupa 74? Pipa la sheri lenyewe ndiyo kabisa, lile kubwa ni la lita 500.

Gawanya 297 kwa nne. Utapata 74.

Maana yake wiski ililala karibu miaka yake yote kwenye hogshedi ya kawaida, kisha mwishoni ikamwagwa kwenye vipipa vinne vidogo, hizi oktavi za lita hamsini na ushee, vilivyolowekwa sheri. Kipipa kidogo kina mbao nyingi kwa kila lita, kwa hiyo ndani ya miezi michache wiski inapata rangi iliyokolea na ladha ya ubao. Halafu kila kipipa kinapewa namba yake, kinaitwa "pipa moja", kinauzwa kama kitu adimu kisicho na pacha duniani. Jumamosi iliyofuata nilirudi dukani. Nikawakuta pacha wake wawili wamepanga foleni rafuni: tarehe ileile ya kukenekwa, umri uleule, namba za pipa zinafuatana, mmoja chupa 73, mwingine 75. Niliwasha moto pale pale mbele ya wateja.

Nilimwandikia mjazaji. Jina lake silitaji, kwa sababu tabia hii si yake peke yake. Niliuliza mambo mawili tu: wiski ilianza kwenye pipa gani, na ilikaa muda gani kwenye hilo la sheri. Nikajibiwa kwamba chupa yao inafuata sheria zote. Ni kweli, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Kanuni za wiski ya Kiskoti za 2009 zimebana mengi: miaka isiyopungua mitatu, pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, ghala iwe ndani ya Uskoti, kilevi kisipungue asilimia 40, umri ukiandikwa uwe wa ile changa kuliko zote. Lakini hakuna anayemlazimisha mtu kuandika pipa la kwanza lilikuwa lipi. Kwa hiyo miaka minane na zaidi ya maisha ya wiski haitajwi, miezi michache ya mwisho inaandikwa kwa herufi kubwa.

Kuna watakaoniambia chupa kali lazima iwe ghali. Hilo nalikubali kabla hamjalisema. Ushuru wa Uingereza unahesabiwa kwa alkoholi safi, na Agosti 2023 ulipanda hadi pauni 31.64 kwa lita. Kwa kiwango hicho chupa ya asilimia 43 ilibeba pauni tisa na nusu, ya asilimia 57 kama pauni kumi na mbili na nusu. Na chupa moja ya asilimia 57 ukiizimua hadi 43 unapata karibu chupa moja na theluthi. Sawa. Pauni tatu za ushuru na theluthi ya chupa hazinifikishi kutoka 50 hadi 98, tena kwa wiski changa zaidi kwa miaka mitatu.

Jambo lingine ni majina. Zamani lebo ya mjazaji ilikuambia kila kitu. Leo rafu zimejaa "Siri ya Orkney", "Siri ya Speyside", yaani eneo tu bila jina la kiwanda, na bei inapangwa kama vile jina kubwa limeandikwa. Wengine wanauza ile iliyotiwa kijiko: kiwanda kinadondoshea kiasi kidogo cha wiski ya kiwanda kingine ndani ya pipa ili kisheria isiitwe tena singo molti yake. Balvenie iliyofanyiwa hivyo huitwa Burnside, Glenfiddich huitwa Wardhead. Kiwanda kulinda jina lake sioni kosa. Kosa ni muuzaji anayekunong'oneza jina kwenye kaunta ili ulipe bei yake, huku kwenye karatasi hakuna kitu cha kumshikia.

Na viwanda navyo siviachi. Ni vyenyewe vilivyotufukuza tukakimbilia kwa wajazaji. Miaka mingi wametuuzia wiski iliyozimuliwa hadi asilimia 40, ikachujwa kwa baridi ili isifanye ukungu ikiwekwa barafu, na huo mchujo unaondoka na sehemu ya mafuta yanayobeba ladha, kisha ikatiwa karameli ionekane ya zamani. Laphroaig ya miaka 10 mpaka leo hapa Uingereza ni asilimia 40, na Marekani wanapewa 43. Kwa nini? Ila wapo waliosikia. Ardbeg ya miaka 10 ni asilimia 46 na haichujwi kwa baridi. Bunnahabhain ya miaka 12 ilipandishwa hadi 46.3 mwaka 2010, mchujo ukaachwa. Springbank ya miaka 10 ni 46. Yaani kiwanda kimesogea kuelekea pale mjazaji alipokuwa amesimama, na mjazaji ameondoka pale!

Hilo ndilo linaloniuma, wakuu, kuliko pauni 98. Hawa watu tuliwaheshimu. Wajazaji Cadenhead wapo tangu 1842, Gordon & MacPhail wa Elgin tangu 1895. Kiwanda cha Port Ellen cha Islay kilipofungwa 1983, wajazaji ndio walioiweka wiski yake chupani miaka mingi kabla wenye kiwanda hawajaanza mfululizo wao wa kila mwaka mnamo 2001. Wiski za viwanda vya Linkwood, Mannochmore, Glenlossie, wengi wetu tusingezifahamu kabisa bila wao, kwa sababu karibu zote zinaishia kwenye michanganyiko. Kazi yao ilikuwa kutuonyesha kiwanda kikiwa uchi: wiski ya hogshedi iliyokwishatumika, haikuongezwa maji wala rangi, nyeupe kama mvinyo mweupe, jina kubwa limeandikwa mbele. Chupa yangu ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa Caol Ila, nilipewa nionje na mzee mmoja wa Kiskoti tuliyefanya naye kazi. Baada ya pale ndipo nikaelewa kwa nini watu wanapanda feri kwenda kuangalia kiwanda.

Na hali itazidi kubana. Gordon & MacPhail walitangaza 2023 kwamba kuanzia 2024 hawajazi tena mapipani wiski mpya ya viwanda wasivyovimiliki. Kama wakongwe hao wameamua kutegemea Benromach na Cairn, viwanda vyao wenyewe, wadogo watapata wapi mapipa mazuri? Wataendelea kununua changa na kuivisha sheri, na sisi tutaendelea kulipa.

Ninachodai ni mistari minne kwenye lebo: pipa la kwanza lilikuwa lipi, wiski ilihamishwa mwezi gani na mwaka gani, pipa la mwisho lilikuwa la lita ngapi, na kama pipa mama liligawanywa, liligawanywa mara ngapi. Basi. Mwenye wiski nzuri hana cha kupoteza hapo.

Barua pepe ya pili niliwatumia siku kumi na mbili zilizopita, nikawawekea hesabu hii hii. Kimya mpaka leo.

Wenye chupa za "pipa moja" nyumbani, leteni hapa umri, asilimia, aina ya pipa lililoandikwa na idadi ya chupa. Jina la mjazaji acheni kwanza. Nitapiga hesabu ya kila moja na kuiweka humu humu kwenye uzi.