MREJESHO: Mtoto kutokua tumboni, kondo la nyuma (Moshi)

Habari wapendwa. Ni yule mama wa Moshi niliyeuliza kwa nini mtoto tumboni hakui ilhali nakula vizuri. Asanteni sana mlionijibu.

Dada aliyenishauri niombe ultrasaundi ya Dopla (inayopima mtiririko wa damu), Mungu akubariki. Ilionyesha damu inapita kwa shida kwenye kamba ya kitovu ya mtoto, na presha yangu ilikuwa inapanda. Chakula hakikuwa tatizo. Oksijeni na virutubisho vyote humfikia mtoto kupitia kondo. Likidhoofika, hata ule mtori sufuria nzima, yeye anapata kidogo.

Aspirini ya dozi ndogo, ya kuzuia presha ya mimba, haikunifaa: daktari alisema inafaa ianzwe kabla ya wiki ya 16, nami nilishapita. Kufuatilia mateke ndiko kulikotuokoa. Alipopunguza kucheza nilikwenda hospitali usiku uleule, nikafanyiwa upasuaji. Miezi tisa hatukufika. Binti alizaliwa na kilo 1.8. Muuguzi alinionyesha kondo kwenye beseni: dogo, lina mabaka meupe, magumu ukiyagusa.

Kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kumesaidia kweli. Mstari wa kadi ya kliniki unapanda. Bibi yake anataka anenepe haraka, ila tumeshauriwa maziwa ya mama tu hadi miezi 6. Tangu utafiti wa daktari David Barker huko Uingereza, miaka ya 1980, inajulikana kwamba waliozaliwa na uzito mdogo wako kwenye hatari zaidi ya presha, kisukari na magonjwa ya moyo ukubwani. Kwa hiyo atapimwa presha anapokua, na mimi pia napima yangu.