Mjadala: Kura ya afya ikija Bungeni, mbunge wetu wa Lamu amtii nani, chama au mgonjwa?

Mkunguni
Assalamu alaikum jamaa. Jana baada ya isha tulibishana barazani mpaka watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na jambo lenyewe halikuisha. Nalileta hapa.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilifikishwa Bungeni Septemba 2023. Tarehe 19 Oktoba Rais akaitia sahihi pamoja na nyingine tatu. Wiki chache tu, kwa jambo linalomgusa kila mtu kuanzia Kiunga hadi Witu! Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi ule, na tarehe mosi Oktoba SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ikaanza kazi, na NHIF, ile bima ya zamani, ikazikwa.

Sasa nauliza. Waliopitisha sheria ile waliisoma, au walimtazama kiranja wa chama anyanyue mkono? Na mbunge akijua kuwa chama chake kinapeleka mswada usiowafaa watu wake, afanye nini? Mimi nasema akatae, liwe liwalo. Tumemtuma sisi.

Wakili wa Mkomani
Waalaikum salaam. Liwe liwalo ni neno jepesi barazani, Bungeni lina bei. Ni kweli Katiba haimnyang'anyi mbunge kiti kwa kura moja. Ibara ya 103 inazungumzia anayejiuzulu chama au anayehesabiwa kuwa amejiuzulu. Lakini kiranja anaweza kumtoa kwenye kamati, na mbunge asiye na kamati ni nahodha asiye na usukani. Mmesahau Mei 2020? Seneti ilimng'oa Seneta Kindiki unaibu spika kwa sababu hakwenda mkutano wa chama Ikulu. Hakuiba, hakumtukana mtu. Mbunge wa sehemu ndogo kama yetu, anayehitaji barabara, gati na mashua ya wagonjwa, atajiuliza mara mbili.

Kijana wa Mokowe
Wakili unawatetea bure. Hata mswada wa Ngilu, yule waziri wa afya, wa bima ya wote, Bunge liliukataa 2005 kwa sababu ya vyama. Tungekuwa mbali sana sasa hivi.

Wakili wa Mkomani
Si hivyo, ndugu yangu. Bunge liliupitisha, mwisho wa 2004. Aliyekataa kuutia sahihi ni Rais Kibaki. Na Ngilu alikuwa waziri wake mwenyewe, wa serikali ileile ya muungano wa Narc. Kwa hiyo mswada hata ukipita kwa wabunge wote unaweza kufia Ikulu.

Mwalimu Hindi
Mnazungumza vyama, mimi nizungumze hati yangu ya mshahara. Ukilipwa 60,000, NHIF ilikuwa ikikata 1,300. SHA inakata asilimia 2.75, yaani 1,650, na inakatwa kabla sijaona hata shilingi. Sikuulizwa. Wakati huohuo mvuvi miraa ya jioni haimkosi, lakini ukimtajia 300 ya SHA kwa mwezi anasema serikali inamwonea. Tusiwabebeshe wabunge peke yao. Bima ni watu kuchangiana, na wengine hatutaki kuchanga.

Nahodha wa Pate
Mwalimu, nimesoma maneno yako mara tatu na kitwa kimeniuma.

Mimi nina miaka 31 baharini. Sitafuni miraa, sivuti, na sina hati ya mshahara. Unaijua kusi wewe? Ikianza kuvuma mwezi wa nne, mashua ndogo haitoki nje ya mwamba. Tunavua ndani, changu wawili watatu, siku nyingine hata mafuta ya mashine hayarudi. Wavu wa jarife ni wa tajiri, mashine ni ya tajiri, na samaki anampima yeye kwa bei yake. Nikitoa deni, nikitoa barafu, hicho kinachobaki ndicho unga, ndicho karo ya hao watoto unaowafundisha. Halafu waniambia mimi sitaki kuchanga? Yana tumemzika mtu hapa, na aliyechanga sanda ni mvuvi. Jeneza, boti ya kumletea jamaa zake kutoka Amu, zitu zote hizo ni wavuvi. Sisi kuchanga hatukufundishwa na serikali.

Binti wa Shela
Ahsante Nahodha. Na mimi niongeze, kwa sababu mwalimu anapomsema mvuvi anasahau kuwa nyumba ya mvuvi ina mwanamke. Pesa ikishuka pwani inakuja mkononi mwangu. Mimi ndiye ninayejua ni siku gani kuna 300 na siku gani hakuna. Na hawataki 300 ya mwezi! Mtu asiye na mwajiri anadaiwa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini kabisa ni 3,600, na wengi wakishajibu yale maswali ya kupima uwezo, ya nyumba na ng'ombe, wanaambiwa zaidi. Niliulizwa paa langu la nini, choo changu cha nini, nikajibu kwa haki, ikatoka hesabu ambayo mume wangu haishiki mkononi hata kaskazi ikiwa nzuri.

Nimelipa kwa kukopa. Mamangu ana kisukari. Nimempeleka hospitali moja, sitaitaja, nikaambiwa mtandao umelala, nilipe taslimu au nisubiri. Tumekaa pale tangu asubuhi mpaka alasiri, mamangu anatetemeka. Nimelipa taslimu. Basi mwalimu aniambie hapo miraa imeingilia wapi.

Kijana wa Mokowe
Mwalimu hawezi kujua haya. Waliokuja na ramani za mashamba watajuaje bahari.

Mwalimu Hindi
Kijana, hilo neno lirudishe. Nimezaliwa Hindi, kitambulisho changu kimeandikwa Lamu, na 2014 nilipolala porini na wanangu wakati wa mashambulizi hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Miaka 14 nafundisha watoto wa wavuvi na wa wakulima, na wengi wao nimewalipia mtihani mwenyewe. Nilichosema ni hesabu. Mkulima wa simsim naye ana msimu mmoja tu, na jirani yangu amelipa. Kama yeye ameweza, kwa nini mwingine asiweze?

Nahodha wa Pate
Simsim ukiivuna unaiweka ghalani ukangoja bei. Nguru nimuweke wapi?

Mkunguni
Jamaa, tafadhali. Kijana, maneno ya nani alikuja lini hayajawahi kumponya mgonjwa hapa kwetu. Mwalimu ni mwenzetu. Turudi kwenye swali. Nilisema wabunge. Juni 25, 2024, mswada wa fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, na tunajua siku ile vijana walikufa nje ya Bunge. Kesho yake Rais akasema hautii sahihi. Wale 195 walitii chama, chama kikawaacha mataani. Basi utii ule uliwafaa nini, na ulitufaa nini sisi?

Kijana wa Mokowe
Mwalimu, nisamehe kwa lile neno. Nimelifuta moyoni. Kuhusu miraa bado nakupinga.

Mkunguni, mfano bora ni yule seneta wa Marekani, McCain. Ametoka kupasuliwa, ana uvimbe kwenye ubongo, chama chake kinataka kuivunja bima ya Obama, anaingia usiku wa manane anashusha kidole gumba. Peke yake akaiokoa. Mbunge wetu mmoja wa namna ile angetutosha.

Wakili wa Mkomani
Ushujaa wake siupunguzi, lakini hakuwa peke yake. Kura ile ya Julai 28, 2017 ilikuwa 49 kwa 51. Wanawake wawili wa chama chake, Susan Collins na Lisa Murkowski, walikataa pia, na walikuwa wakibanwa siku nyingi kabla yake. Na hao ni watatu tu. Wengine 48 ni wa upande wa pili, ambao hakutoka hata mmoja. Kama wangetoka wawili, kidole cha McCain kisingefaa kitu.

Rudini nyuma tena. Sheria yenyewe ilipita Machi 2010 kwa kura 219 dhidi ya 212 katika Baraza la Wawakilishi. Hakuna Mrepublican hata mmoja aliyeiunga mkono, na Wademokrati 34 waliikataa. Kilichoivusha ni nidhamu ya chama, na kilichoilinda miaka saba baadaye ni nidhamu ya chama pamoja na waasi watatu. Kwa hiyo mimi siuoni utii kuwa ugonjwa. Wale walibishana ndani ya chama zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuhesabiwa kura. Mswada wao ulirarukararuka, vipengele vikaondolewa, vingine vikatiwa. Wetu ulikwenda Septemba ukarudi Oktoba. Mbunge wetu akiambiwa atii, atii kitu gani ambacho yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kukigusa? Hapo ndipo ningetaka tumbane, kwenye kikao cha ndani cha chama, kabla ya kura. Siku ya kura huwa kumeshakucha.

Binti wa Shela
Wakili, umesema vizuri na Marekani tumeisikia. Lakini mwalimu hajanijibu la mamangu.

Mwalimu Hindi
Dada, la mamako limeniuma na sina jibu. Ningekuwa pale ningekaa nawe. Sikusema mamako hakulipa.

Binti wa Shela
Ulisema sisi hatutaki kuchanga. Mimi nimechanga nikalipa mara ya pili dirishani.

Mhudumu Faza
Nafanya kazi ya uuguzi, nimewasoma kimya, sasa nisikizeni kidogo kwa sababu mambo mawili yamechanganyika.

SHA ina mifuko mitatu. Mfuko wa afya ya msingi unalipia zahanati na vituo vya afya, na hapo mgonjwa hatakiwi kulipa hata kama hajachangia, mradi amejiandikisha. Mfuko wa bima, SHIF, ndio ule wa 2.75 na 3,600, na kazi yake inaanza ukipewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu. Watu wanapiga *147#, wanapata ujumbe, wanadhani wamemaliza. Kujiandikisha si kulipia. Nimemwona mama mwenye uchungu anatuonyesha ujumbe kwenye simu kwa furaha, nami najua akivuka maji kwenda kupasuliwa ataambiwa hana bima. Kumwambia hivyo wakati ule ni kazi nzito kuliko kuzalisha.

La pili. Zamani asiye na mwajiri alilipa NHIF 500 kwa mwezi. Sasa wa chini kabisa ni 300. Kwa karatasi amepunguziwa. Tofauti ni kwamba ile 500 aliitafuta mwezi kwa mwezi, akikosa mwezi mmoja anajua atafidia. Sasa anatakiwa aishike 3,600 kwa siku moja. Wamekuja na Lipa SHA Polepole, ambayo ni mkopo. Kuna watu wangu wa dini wanauliza kuhusu riba kabla ya kugusa, na wana haki kuuliza.

Kama mbunge angekuja kukaa hapa gatini siku mbili za mwezi wa sita, angelijua hilo bila kufundishwa na mtu. Mwambao mzima kuanzia Vanga hadi Kiunga unaishi kwa msimu. Hakuna aliyesimama Bungeni akasema: waacheni wavuvi walipe kaskazi.

Nahodha wa Pate
Huyo ndiye aliyenena. Mwalimu, sikia. Ungekuja na swali, "Nahodha, wewe waweza kulipa lini?" ningekujibu kwa heshima. Umekuja na miraa.

Mwalimu Hindi
Basi nakuuliza sasa, shekhe. Waweza kulipa lini?

Nahodha wa Pate
Mwezi wa kumi na moja. Kusi imekwisha, maji yamesafika, tunatoka nje kutafuta nguru. Kwa bamvua mbili nzuri 3,600 naishika na deni la tajiri nalipunguza. Niwekee karatasi yako mwezi huo, wallahi sitakukimbia. Lakini ukinidai mwezi wa sita, nitauza nini? Mlango?

Mkunguni
Hili la mwezi wa kumi na moja laweza kuandikwa. Wakili, sheria inakubali kiwango kibaki na tarehe ibadilishwe, au lazima irudi Bungeni?

Wakili wa Mkomani
Asilimia na kile kiwango cha chini vimo kwenye kanuni za Waziri, kwa hiyo si lazima kusubiri mswada mpya. Ila neno la kulipa kwa mwaka mzima sitalisemea usiku huu kabla sijaifungua sheria yenyewe. Kesho baada ya adhuhuri nitakuwa ofisini. Nahodha, kama uko Amu, pita.

Nahodha wa Pate
Kesho nina safari ya Siyu, kuna mgonjwa wa kuleta. Tukivuka salama nitapita alasiri. Mwalimu, na wewe ndoo.

Mwalimu Hindi
Nitakuja. Nitaleta na yule jirani wa simsim, aeleze mwenyewe alivyolipa.