Tupeane uzoefu: kukarabati fremu ya zamani ya dirisha la mbao

Mleta mada

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba tupeane uzoefu kuhusu fremu za madirisha ya mbao ambazo zimezeeka lakini bado zimeshika ukutani. Sizungumzii kung'oa na kuweka mpya. Ninataka kusikia kutoka kwa wale waliobaki na fremu ileile, wakaitengeneza, kisha wakaiona ikipitia misimu ya mvua.

Nianze na langu. Dirisha lililo upande unaopigwa na mvua lilikuwa na rangi iliyovimba kwenye kona za chini. Nilizidunga kwa ncha ya bisibisi: miimo, yaani mbao za wima za fremu, ilikuwa migumu kuanzia katikati kwenda juu, ila karibu na kizingiti, ile mbao ya chini ya dirisha, bisibisi ilizama bila nguvu. Fremu nyingi huanza kuoza hapo, kwa kuwa maji husimama juu ya kizingiti na kuingia kwenye kiungo, na ncha ya mbao iliyokatwa hunyonya maji haraka kuliko ubavu wake. Nilipokwangua rangi upande wa chini wa kizingiti niliuona mfereji mwembamba uliochongwa kwa urefu wote, ambao kazi yake ni kuyalazimisha maji yadondoke kabla ya kuufikia ukuta. Wapakaji waliotangulia walikuwa wameuziba kwa tabaka juu ya tabaka, na maji yakawa yanatambaa chini ya kizingiti hadi ndani. Niliufungua mfereji huo kabla ya kugusa mahali palipooza, na bado ninaamini kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Yaliyofuata yalikuwa ni kuziba mashimo tu.

Mchangiaji wa kwanza

Nakuunga mkono kuhusu maji. Kuvu inayoozesha mbao haiwezi kuendelea kukua mbao ikikauka na unyevu wake ukashuka chini ya asilimia 20 hivi, kwa hiyo dawa ya kwanza ni ukavu. Mimi nilichimba sehemu laini kwa patasi mpaka nikafika kwenye mbao inayotoa mlio ikigongwa, kisha nikaning'iniza karatasi ya nailoni mbele ya dirisha, ikiwa imeachana na fremu ili hewa ipite, nikaacha pakauke kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Baada ya hapo nilipaka epoksi nyepesi (gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa ndipo igande) ili inywewe na nyuzi zilizodhoofika, halafu nikajaza shimo kwa epoksi nzito ya kuzibia. Anayeitumia kwa mara ya kwanza ajue jambo moja: ikichanganywa na kuachwa ikiwa bonge ndani ya kopo, joto lake lenyewe huiharakisha, nayo huganda kabla hujaimaliza. Itandaze juu ya kibao bapa, uchukue kidogo kidogo. Ikishakauka hukatika kwa msasa vizuri, lakini usiiache bila rangi, kwa sababu jua huiharibu.

Mchangiaji wa pili

Kwa heshima zote kwa mwenzangu, mimi ni seremala na epoksi naiachia mashimo madogo. Mbao hutanuka inapopata unyevu na kusinyaa inapokauka, lakini epoksi haifuati mwendo huo. Kipande kikiwa kikubwa, ufa mwembamba hutokea pale vinapokutana, maji huingia nyuma yake, na safari hii hayana pa kutokea. Nimeshawahi kutoa vipande vya namna hiyo vikiwa vizima kabisa, huku mbao iliyovizunguka imegeuka unga.

Mwimo ukiwa umeoza sehemu yote ya chini, ninaukata kwa mshazari, nikiuelekeza mkato ili maji yakifika kwenye maungio yateremkie nje, kisha naunga kipande kipya. Kipande hicho kiwe cha mbao ya jamii ileile au yenye uzito unaokaribiana, kiwe kimekauka, na nyuzi zake zielekee kulekule zinakoelekea nyuzi za mwimo. Ninakiacha kinene kidogo kuliko fremu, nakibana kwa gundi isiyolegezwa na maji, na siku inayofuata nakishusha kwa randa hadi kilingane na mbao ya zamani. Kabla ya kuunga, kila ncha iliyokatwa inayobaki nje ya gundi naipaka rangi ya msingi hadi ikatae kunywa zaidi. Ni kazi ya taratibu, lakini hata mtu asiye fundi anaweza kuifanya akiwa na msumeno mkali.

Mchangiaji wa tatu

Nyote mmesahau rangi yenyewe. Fremu ikiwa ya zamani, tabaka za ndani huenda zina madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi ya namna hiyo majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine zilichelewa zaidi. Vumbi lake hudhuru hasa watoto wadogo na wajawazito. Kwa hiyo nilikwangua huku nimelowanisha, nikatandika nailoni sakafuni, na sikutumia kabisa moto wa wazi, kwa kuwa joto kali hugeuza risasi kuwa moshi unaovutwa puani. Mabaki nayafuta kwa kitambaa chenye maji. Kufagia kukiwa kukavu hulirusha vumbi upya.

Kuhusu vioo: puti ya zamani, ule udongo laini unaoshikilia kioo kwenye fremu, ikiwa imepasuka, maji hupita kati ya kioo na mbao na kushukia kwenye kona zilezile anazozitaja mleta mada. Kabla ya kuweka puti mpya ya mafuta ya kitani, paka rangi ya msingi kwenye mkato wa fremu unaokaliwa na kioo, la sivyo mbao kavu itanyonya mafuta na puti itakatikakatika. Subiri ifanye ngozi juu ndipo upake rangi, na rangi hiyo ipande kwenye kioo kwa milimita 2 hivi. Ukanda huo mwembamba ndio unaofunga mlango wa maji, ijapokuwa wengi huukwangua wakidhani ni uchafu.

Mleta mada

Ahsanteni sana. Seremala, nisaidie jambo moja: pengo lililopo kati ya fremu na ukuta nilizibe kwa saruji?

Mchangiaji wa pili

Hapana. Saruji ni ngumu, mbao inacheza, kwa hiyo utapata ufa unaovuta maji na kuyashikilia ubavuni mwa fremu, mahali ambapo hupaoni. Tumia kizibio kinachonyumbuka na kinachokubali kupakwa rangi, uzibe pande zote mbili na juu. Chini, hakikisha kizibio hakiufikii ule mfereji ulioufungua.